Ubao Mpya kwenye Kabati la Zamani

Namna ya kulinganisha rangi bila kuharibu samani ya urithi

Katika nyumba zetu nyingi iko samani moja iliyowazidi umri watoto wote wa nyumba hiyo. Huenda ni kabati la vyombo alilotengenezewa mama mkwe alipoolewa, au meza ya mninga ambayo baba aliinunua kwa mshahara wake wa kwanza, au kiti ambacho babu alikikalia kila jioni alipoongoza sala ya familia. Samani kama hiyo haiishi miaka mingi bila kupata majeraha. Mguu huvunjika wakati wa kuhama. Mchwa hula ukingo wa chini unaogusa sakafu yenye unyevu. Papi ya mlangoni hubanduka na kupotea. Fundi huitwa, naye huchonga kipande kipya kilicho imara na kilichonyooka. Lakini kikishapigiliwa mahali pake, kila mgeni anayeingia sebuleni hukiona hicho kwanza.

Hapo ndipo wengi wetu hukata shauri baya. Mmoja hulipaka kabati zima rangi nzito ya mafuta ili kiraka kisionekane, na uzuri wa mbao hupotea pamoja nacho. Mwingine humwambia fundi apige randa kabati lote mpaka liwe jeupe kama ule ubao mpya, kisha vyote vipakwe upya. Wa tatu huliuza kwa bei ya kutupa, akakopa fedha kununua kabati la mbao za kushindilia ambalo halitamaliza miaka mitano.

Ndugu msomaji, kabla hujafanya lolote kati ya hayo, fahamu kwamba iko njia ya nne, nayo ni nafuu kuliko zote. Kanuni yake ni moja tu: kipya ndicho kinachopaswa kumfuata mzee, si mzee kufuata kipya. Rangi ya kabati la zamani imetengenezwa na jua, hewa, mikono na miaka. Ukishaiondoa kwa randa hutaipata tena dukani. Lakini ubao mpya ni mtiifu. Ukiutendea kwa subira utafanana na wenzake.

KWA NINI RANGI HAZILINGANI

Mama mmoja anaweza kwenda duka la vifaa vya ujenzi akanunua kopo lililoandikwa "Mninga" au "Mkangazi", akalipaka kwenye ubao mpya, na bado akakuta rangi imekataa. Atasema amedanganywa. Mara nyingi hakudanganywa. Jina lililo kwenye kopo ni jina la rangi aliyoichagua mtengenezaji. Halijui ubao wako ni wa mti gani.

Rangi ya mbao tunayoizungumzia hapa ni ile nyepesi inayopenya ndani na kuacha nyuzi za mbao zionekane. Si rangi ya mafuta inayofunika. Kwa kuwa inapenya, rangi unayoiona mwishoni ni mchanganyiko wa vitu vitatu: rangi ya mbao yenyewe, rangi uliyopaka, na vanishi iliyo juu yake. Ukibadilisha kimoja kati ya hivyo vitatu, umebadilisha vyote. Ndiyo maana kopo moja hutoa rangi mbili tofauti kwenye mbao mbili.

Sababu nyingine ni umri. Mvule ukikatwa leo una umanjano, lakini ukikaa kwenye mwanga na hewa hugeuka kahawia. Mkangazi mpya una wekundu hafifu kama wa waridi, kisha huiva na kuwa kahawia nyekundu. Msonobari ni karibu mweupe unapotoka kiwandani, na baada ya miaka michache huwa na rangi ya asali. Msaji, ambao wengine huuita mtiki, huwa na mabaka unapokatwa, kisha rangi yake hutulia kuwa kahawia ya dhahabu. Kwa hiyo hata ukipata ubao wa mti ule ule, ni sawa na kumlinganisha mtoto na bibi yake. Damu ni moja, lakini nyuso hazina umri mmoja.

ITAMBUE MBAO YAKO

Kazi ya kwanza ni kujua kabati lako ni la mbao gani. Geuza droo uangalie upande wa chini, au tazama nyuma ya kabati mahali ambapo vanishi haikufika. Hapo utaona mbao jinsi ilivyo.

Mninga unajulikana kwa nyuzi zake nzuri na rangi ya kahawia. Lakini usidhani mninga wote ni sawa. Uko wenye umanjano na uko wenye wekundu mwingi, kulingana na gogo lilikotoka. Pembeni mwa gogo pia kuna mbao nyeupe isiyo na kiini. Fundi asiye mwangalifu anaweza kukuchongea papi kutoka sehemu hiyo, nayo haitakubali rangi kama kiini kinavyokubali. Mkongo ni mzito na una kahawia yenye wekundu. Mbao za bei nafuu tunazoziona sana siku hizi ni za msonobari, ambazo kwa Tanzania nyingi hutoka katika mashamba ya miti ya Sao Hill wilayani Mufindi, na saiprasi ambayo wenzetu wa Kenya wanaitumia sana. Msaji wetu hupandwa katika mashamba kama Longuza kule Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro.

Ikiwezekana, kipande kipya kiwe cha mti ule ule na kabati. Papi ya mkono mmoja haihitaji ubao mzima. Ukienda kwa mafundi wa Keko jijini Dar es Salaam, au wale wa kandokando ya Ngong Road jijini Nairobi, au kwa seremala yeyote wa mtaani kwako, utakuta rundo la vipande vilivyobaki. Omba kipande cha mbao unayoitaka, tena uombe viwili: kimoja cha kazi na kimoja cha kujaribia rangi. Hicho cha pili, ingawa kinaonekana kama kuni, ndicho kitakachookoa kabati lako.

Angalia pia usije ukawa na kabati ambalo si la mbao kabisa. Makabati mengi ya siku hizi ni ya unga wa mbao ulioshindiliwa, kisha ukabandikwa karatasi yenye picha ya mbao. Karatasi hiyo haipenyezi rangi, na ukiipiga msasa picha yote hutoka. Hapo dawa ni kupaka rangi kwenye papi mpya ya mbao halisi mpaka ifanane na picha, na kuiacha karatasi yenyewe bila kuigusa. Mbao za plaiwudi nazo zina ngozi nyembamba sana juu; msasa mzito mara mbili tatu tu utakufikisha kwenye gundi.

OSHA KWANZA, LINGANISHA BAADAYE

Wengi hulinganisha rangi na uchafu. Kabati lililokaa karibu na jiko kwa miaka 20 limevaa moshi, mafuta ya kupikia na jasho la mikono. Ukilifuata kwa rangi lilivyo, siku utakapolisafisha utakuta kiraka chako kimekuwa cheusi kuliko kabati.

Chukua maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, loweka kitambaa, kikamue sana, kisha futa sehemu iliyo jirani na kiraka. Usimwage maji, mbao na maji mengi si marafiki. Futa tena kwa kitambaa chenye maji safi, kisha kausha. Rangi utakayoiona hapo ndiyo unayotakiwa kuifuata.

Sasa jua pia juu ya kabati kumepakwa nini. Chukua pamba yenye tone la spiriti, uguse mahali pasipoonekana, kwa mfano nyuma ya mguu. Ikianza kunata, hiyo ni polishi ya shelaki, ile ya zamani inayoyeyushwa kwa spiriti. Isiponata, jaribu tone la thina. Ikilainika, hiyo ni laka. Ikikataa vyote viwili, yaelekea ni vanishi ya mafuta au ile ngumu ya kisasa. Jambo hili si la kitaalamu mno kwetu. Vanishi ya mafuta huongeza umanjano kwenye mbao, na umanjano huo huzidi kadiri miaka inavyopita. Shelaki huongeza rangi ya dhahabu. Vanishi za maji nyingi hubaki kama kioo. Kama kabati lako limevaa umanjano wa vanishi ya mafuta na wewe ukapaka ubao mpya vanishi ya maji, hazitalingana hata kama rangi ya chini umeipatia.

KIPANDE CHA MAJARIBIO

Hapa ndipo subira inapohitajika. Usipake rangi yoyote kwenye kipande cha kazi kabla hujamaliza hatua hizi kwenye kile kipande cha pili.

1. Piga msasa kipande cha majaribio kama utakavyopiga kipande cha kazi: anza na namba 120, kisha 180, ukifuata nyuzi za mbao. Msasa laini hufanya rangi iwe hafifu, na msasa wa kukwaruza hufanya iwe nzito. Ukitumia 240 kwenye majaribio na 120 kwenye kazi, umejidanganya mwenyewe.

2. Futa vumbi lote, kisha lowesha kona moja kwa kitambaa chenye spiriti. Kabla haijakauka, mbao itakuonyesha rangi itakayokuwa nayo ikipakwa vanishi tupu. Mara nyingine utashangaa kuona kwamba mbao inakaribia kabisa rangi ya kabati na haihitaji rangi nyingi.

3. Gawa kipande kwa penseli katika sehemu 5 au 6. Kila sehemu ipe mchanganyiko wake na uandike nyuma yake ulichochanganya, kwa mfano "kijiko 1 mkangazi, vijiko 3 thina". Usiamini kichwa chako. Kesho utakuwa umesahau.

4. Anza na rangi hafifu kuliko unavyotaka. Kuongeza rangi ni rahisi, kuipunguza ni kazi ya msasa.

5. Paka kwa kitambaa, acha dakika chache, kisha futa iliyozidi. Dakika ulizoacha nazo ziandike, kwa sababu rangi iliyokaa dakika 10 si sawa na iliyofutwa baada ya dakika 2.

6. Acha ikauke kabisa, usiku mzima, kisha paka juu yake vanishi ile ile utakayotumia kwenye kazi. Usilinganishe kabla ya vanishi kukauka. Rangi ikiwa mbichi hudanganya, na ikiwa kavu bila vanishi huonekana imefifia.

Ukichanganya rangi za makopo mawili, ziwe za mtengenezaji mmoja na za aina moja. Rangi inayoyeyuka kwa maji haikubali kuungana na inayoyeyuka kwa thina.

RANGI IKIKATAA

Tuseme umejaribu sehemu zote na bado hakuna iliyofanana. Usikasirike. Jiulize swali moja: inapungukiwa nini? Je, ni nyeusi mno, ni nyeupe mno, ni nyekundu mno au ni ya manjano mno?

Ikiwa ni nyekundu mno, tone la rangi yenye ukijani litaupoza wekundu huo. Ikiwa ni ya machungwa mno, kama msonobari unavyopenda kuwa, tone dogo la bluu au nyeusi litaituliza. Ikiwa ni ya manjano mno, zambarau kidogo sana huifanya iwe kahawia. Ikiwa imepoa na haina uhai, wekundu kidogo utaipasha moto. Tunasema tone, si kijiko. Anayepika anajua kwamba chumvi huongezwa kidogo kidogo, maana ikishazidi hakuna wa kuitoa.

Kwa mbao nyeupe kama msonobari liko tatizo jingine: hunywa rangi kwa mabaka. Mahali pengine hunywa sana, pengine hukataa. Dawa yake ni kuupaka kwanza mkono mmoja wa shelaki au sila iliyozimuliwa sana, kuiacha ikauke, kuipitishia msasa laini kwa upole, kisha ndipo upake rangi. Ncha za ubao, pale ulipokatwa kwa msumeno, nazo hunywa rangi kupita kiasi na kuwa nyeusi. Zipige msasa laini zaidi na uzipe sila kabla ya rangi.

Iko pia njia ya jikoni kwa wasio na fedha ya makopo mengi. Pika chai nzito isiyo na maziwa wala sukari, ipake kwenye ubao mweupe mara mbili, uiache ikauke kila mara. Hutoa kahawia hafifu ya kikale. Ukitaka iwe nzito zaidi, loweka kipande cha stili waya laini katika siki kwa siku chache, chuja maji yake, kisha yapitishe juu ya ule ubao uliopakwa chai. Chuma kilichoyeyuka kwenye siki kikikutana na chai hugeuza mbao kuwa kahawia ya kijivu, hata nyeusi. Ni dawa kali, basi jaribu kwanza. Chupa yake usiikaze kizibo, kwa sababu siki inapokula chuma hutoa gesi, na gesi hiyo hushika moto. Iweke mbali na jiko.

Jihadhari na gundi. Fundi akiziba nyufa kwa unga wa mbao na gundi, sehemu hiyo haitanywa rangi, itabaki kama kovu jeupe. Tone la gundi lililomwagika hufanya vivyo hivyo. Lifute kwa kitambaa chenye maji kabla halijakauka, au likwangue vizuri kabla ya kupaka. Kama kovu limekwisha kuonekana, chora nyuzi juu yake kwa brashi ndogo na rangi nzito kidogo, kisha funika kwa vanishi.

TAZAMA KWENYE MWANGA WAKE

Rangi mbili zinaweza kufanana uani na kutofautiana sebuleni. Mwanga wa jua, mwanga wa taa ya bomba na mwanga wa balbu ya manjano kila mmoja huonyesha rangi kwa namna yake. Kwa hiyo kipeleke kipande cha majaribio mahali kabati linapokaa. Kiegemeze kando ya ukingo wa zamani, usimame kwa miguu ambapo wageni husimama, utazame. Tazama asubuhi, tazama jioni taa zikiwaka. Sehemu inayoridhisha nyakati zote mbili ndiyo utakayoichagua, hata kama si ile iliyopendeza zaidi uani.

Kumbuka pia kwamba kabati lenyewe halina rangi moja. Upande unaotazama dirisha umefifia kwa jua, na upande wa ukutani umebaki mzito. Linganisha na jirani wa kiraka, si na mlango wa upande wa pili.

Ukifika hapo, kipake kipande cha kazi kwa kufuata maandishi yako bila kuongeza ujuzi mpya. Ni vyema kukipaka kabla hakijapigiliwa, ili rangi isimwagikie kabati la zamani. Vanishi ya mwisho ikishakauka, angalia mng'ao. Kiraka kinachong'aa kwenye kabati lililofifia huonekana hata kama rangi ni ile ile. Kipitishie stili waya laini sana kwa kufuata nyuzi, kisha paka nta kidogo kwenye kiraka na kwenye jirani zake pamoja.

USALAMA WA NYUMBA NI KWANZA

Kazi hii ni njema, lakini imebeba hatari ambazo mama wa nyumba hapaswi kuzipuuza.

Thina na spiriti hushika moto upesi, na mvuke wake hutembea chini chini bila kuonekana. Usifanye kazi hii jikoni, wala karibu na jiko la mkaa, mshumaa au mtu anayevuta sigara. Fanya nje au kwenye baraza lenye hewa.

Matambara yenye mafuta ya linsidi, yaani mafuta yanayokamuliwa kutoka mbegu za kitani, au yenye vanishi na rangi zilizotengenezwa kwa mafuta hayo, huweza kuwaka yenyewe bila kiberiti. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na tambara likikunjwa na kutupwa kwenye pipa joto hilo hukosa pa kutokea. Yatandaze nje moja moja juu ya jiwe mpaka yawe makavu na magumu, au yatumbukize kwenye kopo la chuma lenye maji.

Usiweke thina katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa, hata kwa saa moja. Mtoto mwenye kiu hasomi, huona chupa tu. Iache ndani ya kopo lake, juu, mahali penye kufuli. Mtoto akinywa, usimtapishe. Mkimbize hospitali pamoja na kopo lenyewe.

Vumbi la mvule na la mninga huwasha pua, macho na ngozi za baadhi ya watu. Funika pua na mdomo, na watoto wakae mbali. Kama kabati limewahi kupakwa rangi ya mafuta miaka mingi iliyopita, usilipige msasa mkavu. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto mdogo na wa yule aliye tumboni. Mama mjamzito aiache kazi hiyo kabisa.

UKIMPA FUNDI KAZI

Si lazima ufanye yote kwa mikono yako. Lakini hata ukimwita fundi, maarifa haya yatakusaidia kusema naye kwa heshima na kwa uhakika. Kutoelewana kwingi kati ya akina mama na mafundi hutokea kwa sababu rangi haikukubaliwa kabla ya kazi.

Mazungumzo yenyewe ni mafupi.

"Shikamoo, fundi. Naomba kabla ya kupaka unionyeshe kwanza kwenye kipande cha pembeni."

"Marahaba, mama. Ondoa shaka, rangi hii naijua, ni ile ile ya kabati lako."

"Nakuamini, fundi. Lakini tuipake na vanishi yake, tuiache mpaka kesho, tuitazame sote wawili. Ikikubali, nakupa malipo ya pili."

Fundi mwema hatachukia. Atajua amepata mteja anayejua anachotaka, na kazi yake itasifiwa. Kubalianeni kwamba muda wa majaribio umo ndani ya bei, na umlipe kwa haki. Kumpunja fundi aliyekupatia rangi sawasawa ni dhambi ile ile ya kumzuilia kibarua ujira wake.

NENO LA MWISHO

Ukikamilisha haya yote, tarajia jambo moja: ukiinama karibu sana na taa mkononi, bado utajua kiraka kiko wapi. Hilo si kushindwa. Mgeni aketiye kwenye kochi hatakiona, na hiyo inatosha. Ubao mpya nao utaendelea kuiva. Kama mbao yako ni ya aina inayozidi kuiva kwa mwanga, kama mkangazi au mvule, ni busara kuuacha kiraka kikiwa hafifu kidogo kuliko majirani zake, kwani miaka itamalizia kazi yenyewe.

Bwana wetu alilelewa katika nyumba ya seremala, na watu wa kwao walimfahamu kwa kazi hiyo. Aliposema habari za kiraka kipya kwenye vazi kuukuu, kama tunavyosoma katika Mathayo sura ya 9, wasikilizaji wake walielewa upesi, kwa sababu katika nyumba zao vitu vilishonwa na kutengenezwa, havikutupwa ovyo. Kiraka kisichoandaliwa hulichana vazi. Kilichoandaliwa hukaa kwa amani na wenzake.

Waite watoto wako siku ya kazi hiyo. Mkubwa ashike msasa, mdogo aandike vipimo nyuma ya kipande cha majaribio. Waambie kabati hili lilikuwa la nani na lilifikaje nyumbani. Kisha kipande hicho chenye maandishi usikitupe: kigongomee ndani ya kabati, nyuma ya droo. Siku nyingine papi itakapovunjika, labda wewe ukiwa bibi, atakayelitengeneza atakuta rangi yake imeandikwa inamngoja.